Safari Iliyoishia Makote

Sajenti Kibibi Namkunda alikuwa amepiga magoti ndani ya gari, pua yake ikikaribia kugusa kiti cha nyuma, Inspekta Yunusi alipokuja kusimama kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Hiyo ni damu," Inspekta alisema.

"Sidhani, afande."

"Hudhani? Doa jeusi kwenye kiti cha abiria, na abiria mwenyewe haonekani. Unataka doa likutajie jina lake?"

Kibibi alilowesha kitambaa cheupe kwa maji ya chupa, akasugua pembe ya doa, akanusa. Harufu ilikuwa ya uchachu, ile ile iliyomharibia sketi ya shule msimu mmoja alipokuwa anaokota korosho kwa babu yake na kukalia mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyooza.

"Maji ya mabibo," alisema, akamsogezea kitambaa. "Nusa mwenyewe."

Inspekta hakunusa. Alikuwa mgeni wa Kusini, hata mwaka hajamaliza, na mambo ya korosho aliyaona kwenye magunia tu. "Hata kama. Yule mwanamke dereva ajibu. Jalada nalitaka mezani kabla ya saa nane." Akaondoka.

Kibibi aliendelea kupekua. Gari lilikuwa Passo nyeupe, kuukuu lakini safi. Lilikuwa la Loveness, binti aliyefanya kazi ya kufunga vidonda kwenye zahanati moja ya vijijini asubuhi, na mchana akawasha programu ya simu iitwayo Nipeleke, akachukua abiria. Juzi mchana programu hiyo ilimwita Lupaso. Aliyeita alikuwa Mama Magdalena, mjane wa marehemu Alfredi, ambaye wengi walimwita Mama Furaha kwa jina la binti yake aliyeko Dar es Salaam. Mama Furaha aliingia ndani ya gari hilo, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Jana jioni mpwa wa marehemu, Reginald, alifika kituoni Masasi akiwa na namba ya gari mdomoni. Loveness akalala mahabusu.

Chini ya kiti cha mbele, mkono wa Kibibi ulikuta karatasi nyembamba iliyochanwa. Akaitoa kwenye mwanga. Ilikuwa karatasi ya kufungia bandeji, na bado ilinuka dawa. Akaitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Reginald alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha la chumba cha mahojiano, na kikombe cha chai aliyoletewa na askari wa zamu. Alivaa shati lililopigwa pasi na koti la pikipiki. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye kiatu kimoja cha wazi, cha kike, cha mguu wa kushoto.

"Ulikipata wapi?" Kibibi alimuuliza.

"Makote, pembeni ya barabara. Leo alfajiri."

"Ulikwenda kufanya nini Makote?"

"Kumtafuta mke wa mjomba wangu! Si ndiko gari lilikomshusha?"

Kibibi aliandika neno *Makote* na kulipigia mstari. Taarifa ya kampuni ya Nipeleke, inayoonyesha safari ile ilifungwa Makote, kijiji cha juu kuelekea Newala, ilikuwa imeingia kwenye simu yake muda mfupi tu uliopita, na hakuwa amemwonyesha mtu. Loveness naye alikuwa hajafungua kinywa tangu jana. Kibibi alichukua kiatu, akakigeuza. Malori yaliyoteremka kutoka Newala asubuhi hiyo yalikuwa yamepakwa tope jekundu mpaka milangoni. Huko juu mvua ilinyesha usiku kucha. Kiatu kilikuwa kikavu. Na ndani kabisa, penye vidole, kulikuwa na utando wa buibui.

"Simu yake?"

"Haipatikani. Nimepiga mpaka nimechoka." Reginald alitazama saa yake. "Afande, mtachukua muda mrefu? Saa nane nina shughuli."

"Shughuli gani, na mama yako amepotea?"

"Ni baraza la ardhi tu. Mambo ya mashamba."

"Una kesi na nani?"

Reginald alikunywa chai kwanza. "Na yeye."

"Asipotokea leo je?"

"Hayo wanajua watu wa sheria."

Kibibi alijua pia. Yule mama ndiye aliyefungua shauri, asipotokea, linafutwa. Kwa hiyo kupotea kwake kulikuwa faida kwa mtu huyu aliyekaa hapa. Sasa kwa nini faida yako uipeleke polisi? Alilichambua jambo hilo kwenye ukumbi wote mpaka mahabusu, na alipofika mlangoni jibu lilikuwa limekaa sawa. Kama Reginald angekuwa amemdhuru, angelala nyumbani kimya. Kama angejua alipo, angekuwa anaulinda mlango wake. Alikuja polisi kwa sababu hakujua, na alitaka watu wenye gari na bunduki wamtafutie.

Loveness aliletwa chumba cha mahojiano, miguu peku, kichwa juu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Sikuja kula."

"Mama Furaha yuko wapi?"

"Sisemi."

"Unajua unavyozidi kunyamaza ndivyo unavyojiharibia?"

"Niharibikiwe. Andika kwamba nimekataa, na uandike kwa herufi kubwa wasome wote."

Mlango ulifunguliwa, Inspekta Yunusi akaingia bila kubisha. "Huyu bado tu? Wewe binti, asubuhi unafunga watu vidonda, mchana unageuka dereva. Mtu mwenye kazi yake anatafuta nini barabarani?"

"Anatafuta hela, afande. Ulidhani natafuta mchumba?"

"Chunga mdomo wako!"

"Umeniuliza, nimekujibu. Mshahara wa zahanati hauvuki katikati ya mwezi. Gari ni langu, leseni ni yangu, bima ninayo. Nionyeshe sheria inayosema mtu awe na kazi moja, nitaiacha leo."

"Na mama wa watu umemtupa wapi?"

Macho ya Loveness yalikwenda dirishani mara moja tu, kisha yakarudi mezani. Kibibi aliyafuata. Dirisha lilikuwa wazi, na chini yake ilionekana nusu ya kichwa cha Reginald. Hakuwa anakunywa chai tena. Alikuwa ameinamisha sikio.

Kibibi alisimama, akafunga dirisha. Kisha akatoka na Loveness mpaka kaunta, akafungua kitabu cha mahabusu na kuandika.

"Unampeleka wapi?" Inspekta aliuliza nyuma yake.

"Kuonyesha eneo la tukio, afande. Utaratibu unaruhusu."

"Mwandalie mashtaka kwanza."

"Nikirudi."

"Kibibi, hiyo ni amri."

Askari wa zamu aliacha kuandika. Kibibi alitoa kalamu mfukoni, akaiweka kaunta mbele ya mkubwa wake.

"Basi nipe kwa maandishi, afande. Kwamba kuna mama mzee haonekani, na umenikataza kwenda kumtafuta. Weka sahihi, nami nitaitia ndani ya jalada."

Inspekta Yunusi aliitazama kalamu. Hakuigusa.

"Saa nane," alisema mwishowe.

"Saa nane, afande."

Walitoka na ile Passo, Loveness kwenye usukani na Kibibi kando yake. Mji ulibaki nyuma na mawe yake makubwa, mikorosho ikaanza kupita pande zote, na chini ya mikorosho wanawake walioinama wakiokota. Loveness aliendesha kama mtu aliyerudishiwa mguu wake. Kisha akaanza mwenyewe.

"Wale wa teksi pale stendi walinitoboa tairi. Wakasema mwanamke gani anaiba abiria kwa simu. Nikaweka spea, nikapita tena mbele yao napiga honi."

"Na Mama Furaha? Naye ulimpakia kwa kupiga honi?"

Loveness alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza. "Yule nilimwambia aniite kwenye programu, iandikwe, ili kesho mtu asiseme nimemwiba. Na bado wamesema."

"Kwa hiyo mnafahamiana."

Tabasamu likapotea. "Umeninasa hapo. Lakini zaidi ya hapo sisemi."

Barabara ilianza kupanda kuelekea uwanda wa juu wa Newala. Udongo ukawa mwekundu, madimbwi ya mvua ya usiku yakachafua vioo. Kwenye kona ya pili Loveness alitazama kioo cha nyuma, akapunguza mwendo, akatazama tena.

"Afande. Ile pikipiki iko nyuma yetu tangu Masasi. Nikipunguza, nayo inapunguza."

Kibibi hakugeuka. "Ukipita kona hii, simama katikati ya barabara."

Loveness alipita kona, akasimama. Kibibi akashuka, akarudi kwa miguu mpaka kwenye kona yenyewe na kuinua mkono. Pikipiki ilitokeza kwa kasi, ikayumba kwenye tope, ikasimama hatua chache mbele ya viatu vyake.

Alikuwa Reginald.

"Nilitaka kusaidia kutafuta," alisema kabla hajaulizwa.

"Vizuri. Nisaidie. Zima pikipiki, nipe ufunguo." Akaupokea. "Kiatu ulikiokota leo alfajiri, pembeni ya barabara hii?"

"Ndiyo, kule mbele."

"Mvua imenyesha usiku mzima huku. Wewe mwenyewe suruali imelowa tope mpaka magotini, na umepita mara moja. Kiatu kimelala njiani tangu juzi, kimebaki kikavu kina buibui ndani?"

"Labda... labda kilikuwa chini ya kichaka."

"Tuache kiatu, ulikileta ili tumtafute Makote. Nani alikwambia safari iliishia Makote?"

"Pale kituoni. Mlisema."

"Hakuna aliyesema. Mimi mwenyewe nilijua leo, na sikumwambia hata Inspekta. Programu ile ikifunga safari hutuma ujumbe kwa watu wawili tu, dereva na abiria. Dereva alikuwa mahabusu na simu yake ninayo mimi." Kibibi alinyoosha mkono. "Nipe simu ya abiria."

Reginald aliangalia bonde, akaangalia barabara waliyotoka. Loveness alikuwa amekwisha shuka, amesimama nyuma yake na spana ya tairi, bila kuiinua, bila kuificha.

"Aliisahau kwenye chaji," Reginald alisema kwa sauti ndogo. "Ni simu ya nyumbani kwetu. Nimechukua kitu cha nyumbani kwetu."

Alifungua zipu ya koti, akatoa simu. Kibibi aliiwasha. Ujumbe ulikuwa pale juu kabisa: safari imekamilika, Makote, jina la dereva, namba ya gari. Hapo ndipo Reginald alipoipata ile namba aliyokuja nayo kituoni.

"Reginald, uko chini ya ulinzi. Wizi wa simu, na kutoa taarifa za uongo kwa polisi."

Pingu zilibana. Pikipiki waliiacha kwa mwenye duka jirani, na Reginald akaketishwa kiti cha nyuma, juu ya lile doa la mabibo.

"Sasa niambie," Kibibi alimwambia Loveness walipoanza kwenda.

"Mbele ya huyu? Sisemi."

"Basi usiseme, endesha tu. Kwenye gari lako nimekuta karatasi ya bandeji. Yule mama ana kidonda, na ni mguu wa kushoto, ndiyo maana kiatu cha kushoto kimekaa nyumbani mpaka buibui akahamia. Wewe ndiye unayemfunga, kwa hiyo ndivyo mlivyojuana. Kidonda kinataka kusafishwa kila siku. Usingemwacha porini, ungemwacha kwa mtu wa kazi yako." Kibibi aliegemea kiti. "Kata kushoto, tuingie zahanati ya Makote."

Loveness akawasha taa ya kuashiria kona.

Muuguzi wa zahanati, Salome, mwanamke mnene mwenye miwani, alitoka na kuziba mlango wote alipoona sare ya polisi.

"Karibu, afande. Kama ni mtu unamtafuta, hapa hayupo."

"Sijasema ninatafuta mtu."

"Ndiyo nakwambia mapema."

Kibibi aliangalia pembeni yake. Nyuma ya zahanati kulikuwa na nyumba ndogo ya mtumishi, na kwenye ngazi yake kiatu kimoja tu, cha wazi, cha mguu wa kulia. Akaenda mpaka pale, akatoa kile cha kushoto kwenye mfuko wa nailoni aliokuja nao kutoka kituoni, akakiweka kando ya mwenzake. Vilikuwa pacha.

"Shikamoo, mama," alisema kuelekea pazia la mlango.

Kisha sauti nzito, isiyo na haraka: "Marahaba. Salome, mwache apite. Si umeona ameniletea kiatu."

Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye kitanda, mguu wa kushoto umefungwa bandeji mpya mpaka kwenye kifundo, amevaa gauni la kanisani na kilemba kilichofungwa vizuri. Alikuwa tayari kwa safari.

"Nani alikuficha hapa, mama?"

"Sikufichwa. Nilijificha." Alisema hivyo kama mtu anayesahihisha jina lake lililokosewa. "Baraza liliniita mara ya kwanza, yule kijana akafunga mlango kwa nje, akasema naumwa. Wakaniita mara ya pili, akawaambia watu wa pikipiki wote wa Lupaso wasinibebe. Hii ni mara ya tatu, na walisema ni ya mwisho. Nikamwambia Loveness, nitoe hapa mapema, unipeleke mbali asikonijua mtu, na siku yenyewe unirudishe. Leo nimemsubiri, hajatokea. Kumbe mmemfunga."

"Anataka shamba lote?"

"Anasema mikorosho ya mjomba ni ya mpwa, ndiyo mila yetu. Mila naijua tangu yeye hajazaliwa! Aliyoipanda Alfredi achukue, sijamkatalia. Lakini ile ya bondeni niliipanda mimi, Alfredi yuko Mtwara anabeba mizigo bandarini. Maji nilichota mimi, mimba ya Furaha tumboni. Mila gani inampa mpwa jasho la mke wa mjomba? Anionyeshe."

Kibibi alimrudishia simu iliyotoka kwa Reginald. Mama Furaha akaipokea, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaitia kifuani.

"Twende, mama. Saa nane haiko mbali. Ila kuna jambo moja. Reginald yuko ndani ya gari, ana pingu. Nikikuomba usubiri gari jingine, utachelewa."

"Nisubiri gari jingine kwa ajili ya nani? Nimekaa naye nyumba moja tangu matanga. Barabara ya kwenda Masasi itanishinda?"

Alikataa kushikwa mkono. Alichechemea mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa, na kabla hajafunga mkanda akageuza shingo.

"Hujambo, Reginald?"

Reginald alitazama magoti yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Hapana."

"Utakula jioni." Akageukia mbele. "Loveness, endesha, mwanangu."

Waliteremka kutoka uwandani kwa mwendo ambao Kibibi, kama askari, alilazimika kutazama nje ili asiuone. Simu yake iliita kwenye mteremko.

"Uko wapi?" ilikuwa sauti ya Inspekta Yunusi.

"Natoka eneo la tukio, afande. Mama nimempata mzima. Mlalamikaji nimemkamata. Tukutane baraza la ardhi."

"Umemkamata *nani*?"

"Mtandao unakatika, afande," Kibibi alisema, na mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Walifika mwenyekiti wa baraza akiwa ameshaketi na jalada la Lupaso liko juu ya meza. Karani alisimama mlangoni, akaita mara ya kwanza. "Magdalena Alfredi!" Watu waliokuwa kwenye kivuli cha ukuta waligeuka kutazama gari jeupe lililojaa tope likiingia mpaka ngazini. Karani akaita mara ya pili, na Mama Furaha akajibu akiwa bado anateremsha mguu wake.

"Nipo! Usiite tena, nipo."

Watu wakampisha. Kibibi alimwingiza Reginald nyuma yake, pingu mikononi, akamkabidhi kwa askari wa mlangoni asikilizwe kama mjibu shauri kabla ya kurudi kituoni.

Inspekta Yunusi alifika shauri likiwa limeshaanza. Alisikiliza maelezo ya Kibibi pale uani kwa dakika kadhaa, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kisha akamwendea Loveness aliyekuwa anafuta tope kwenye kioo.

"Una bahati, binti. Umeachiwa. Sasa uachane na mambo ya magari, ubaki na zahanati yako. Kazi hii itakuponza."

"Imeshaniponza, afande. Nimelala sakafuni kwenu. Na sikuiacha."

"Nakushauri kama mzazi."

"Nashukuru, mzee. Lakini mama yule akitoka humo atataka kurudi Lupaso, na pale stendi nzima hakuna atakayempeleka." Akanyoosha mkono kwa Kibibi. "Afande, naomba simu yangu. Safari hii aiite kwenye programu kama ile, iandikwe."

Kibibi alimrudishia simu mbele ya mkubwa wake. Loveness aliiwasha, akaiegemeza kwenye dashibodi, akaendelea kufuta kioo.

Kupitia madirisha ya ukumbi ilisikika sauti ya mwenyekiti, ya upole.

"Mama, nakuona una kidonda. Kaa kwenye kiti, utoe maelezo yako ukiwa umekaa."

"Hapana, Mheshimiwa," Mama Furaha alijibu, na uani pote watu wakanyamaza kumsikiliza. "Nikishamaliza kusema, ndipo nitakaa."